Mstari Unaopungua

...na tena umepungua, si macho yangu, Jumapili iliyopita mstari wa Suhair kwenye orodha ya wasomaji ulikuwa umefika hapa, niliweka ukucha kwenye kioo nikapima, leo umerudi nyuma nusu ukucha, na mtu aliyefariki siku sitini na moja zilizopita harudishi mstari wake mwenyewe, kuna mkono, na mkono ulio karibu zaidi ni huu ulioshika kikombe cha kahawa nyuma ya bega langu, "Abu Yaman, bonyeza basi, kitufe hakiumi," anasema Mutaz, na anacheka kidogo, anacheka nini, "watu wa usalama wanataka akaunti za wasiokuwepo zifutwe kabla ya adhuhuri, mimi wananipigia simu kama wakwe"... wasiokuwepo, neno safi, wamelichagua vizuri, na mimi nimeweka kishale juu ya kitufe tangu saa nne kamili na sikibonyezi, kwa sababu nikikibonyeza mstari huu utatoweka, na ndio kitu pekee katika jengo hili zima kinachosema kwamba mke wangu alikifikisha kitu mwisho, siku niliporudi kazini baada ya arubaini niliukuta umejaa, mweusi kutoka ncha hadi ncha, nikasema alhamdulillah, alisoma kurasa zake zote za maelekezo, hakuacha hata moja, na nililala usingizi siku ile... kisha ukaanza kupungua, mara tatu sasa, na kila mara saa iliyoandikwa pembeni ni ya Ijumaa, saa sita na nusu, saa saba kasoro, saa ambayo Amman nzima iko msikitini na mimi natoka huko kwenda moja kwa moja makaburini, nani anajua kwamba saa hiyo siko mbele ya kompyuta, Mutaz anajua, Mutaz haendi msikitini, mgongo, anasema, mgongo wa mtu wa miaka thelathini na mbili unaouma Ijumaa tu, na Mutaz ndiye aliyepewa kurasa zake za maelekezo, zote mia na arobaini, alizoziandika Suhair kwa Kiarabu neno kwa neno wakati wenzake wakisema nani atazisoma, sasa jina lake limeanza kutoka chini ya kurasa na la Mutaz kuingia, na anayefuta jina hashindwi kufuta alama, kidogo kidogo, ili nisishtuke, "Umenisikia lakini?" "Nimekusikia," nasema, "unajua nywila yake?" "Ya nani?" "Ya Suhair." Anaweka kikombe chini, "Wallahi, Abu Yaman, hata yangu naisahau"... haraka mno, amejibu haraka mno, au mimi ndiye nimekuwa mtu wa kupima majibu, nyumbani pia ni hivyo, nampima mama mkwe, Hajja Nuhad, aliyekuja kwa siku tatu za matanga na hajaondoka, Ijumaa namwambia twende kwa binti yako ananijibu nenda wewe, mimi namjua alipo, na nikirudi mlango wa chumba cha kazi cha Suhair, nilioufunga, uko wazi kidogo, na mezani kuna alama ya mviringo ya glasi ya chai, na harufu ya maramia, majani anayotia kwenye chai yake, naye anakata vitunguu jikoni kana kwamba hajaondoka hapo, anatafuta nini kwenye droo, dhahabu, barua, sikumuuliza, mtu humuulizaje mwalimu aliyefundisha sarufi miaka thelathini kama anaiba, na kompyuta ya Suhair mle ndani sijaizima tangu... sikuweza kuizima, kurasa zake ziko wazi vilevile, kwa akaunti yake... "Halafu hiki kidude chako kimeharibika," anasema Mutaz, kidole chake kinagusa kioo changu, sipendi wanaogusa kioo, "mwangalie Lubna, kaingia kazini leo asubuhi, hata choo hajakijua kiko wapi, mstari umejaa pomoni, keshasoma kurasa mia na arobaini? Labda anazisoma kwa kuzinusa!" Lubna, yule binti wa karibu na dirisha, mstari umejaa, asubuhi ya kwanza, umejaa... ngoja, kidude hiki nilikiandika mimi, kinakaa juu ya ukurasa na kumwonyesha msomaji amefika wapi, na mara ya kwanza nilikifanya kijae kutoka kushoto, Suhair akacheka mpaka akashika meza, "Mpenzi, wasomaji wangu wanaanzia kulia, wewe unawatembeza kinyumenyume kama punda wa kinu," nikakigeuza jioni ileile, kijae kutoka kulia, na akanikataza kuweka namba, usimhesabie mtu asilimia kama mgonjwa, wakati huo bado hakuwa mgonjwa, au hatukujua, kwa hiyo hapana namba, kuna ncha tu, na ncha niliihifadhi kwa umbali wake kutoka ukingo wa kushoto, ndiyo, kutoka kushoto, na kwa Kiarabu anayeanza yuko mbali kabisa na kushoto, na orodha hii ya wasimamizi iko kwa Kiingereza, inachora umbali huo kuanzia kushoto, sikuigusa, niliisahau... basi aliyejaa hajaanza, Lubna hajaanza, Suhair hakuwa ameanza, hakusoma hata aya moja, kwa nini asome, aliziandika yeye, nimelalia uongo wangu mwenyewe wiki tatu, na unaopungua haufutwi... unaopungua unasomwa, na taratibu, nusu ukucha kwa Ijumaa, na kidude hakihesabu aya mpaka imetulia mbele ya macho, mwizi angepita mbio, huyu anakaa juu ya kila sentensi kama anasahihisha hamza za wanafunzi, miwani puani, glasi ya maramia mkononi, kurasa za kuunganisha seva, ambazo hazielewi hata neno, anaanzia ya kwanza, namjua alipo, alisema Hajja... "Abu Yaman, kaka, bonyeza tukale." "Subiri." "Nisubiri nini tena?" "Kuna mtu bado anasoma," nasema, na Mutaz anainama kutazama mstari, haoni kitu, namwomba radhi moyoni, kishale kiko palepale juu ya kitufe, na kosa lile sitalirekebisha, acha upungue, kwa mwendo wake zimebaki Ijumaa nyingi, na hii ijayo nitachelewa kurudi.