Siyo Pistoni

Pikipiki ikianza kupiga kelele, kijiwe kizima hugeuka chuo cha ufundi. Kijiwe chetu cha bodaboda pale Mkunya kina watu tisa ukinitoa mimi, na asubuhi ile waliposikia injini yangu inaguguna, nilipewa majibu tisa kabla sijavaa kofia. Mmoja alisema ni valvu. Mwingine akasema ni krenki. Hamidu, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kushika spana zaidi ya ile ya kufungulia chupa ya soda, akainama, akatikisa kichwa kama daktari aliyekosa la kusema, akatoa hukumu.

"Pistoni hiyo, Gasper. Injini imekufa. Kinachokutembeza ni mazoea tu."

Wote wakakubali kwamba ni pistoni. Nilimchukia Hamidu siku hiyo, nasema kweli, lakini nilimwamini.

Ningekuwa nimeinunua mwenyewe ningeumia kidogo tu. Pikipiki ilikuwa ya mjomba wangu, Benedikto, kaka wa mama. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba yangu aliondoka nikiwa sijui kufunga vifungo, na aliyeninunulia daftari la kwanza, aliyenipeleka jando, aliyenisimamia kanisani siku ya ndoa, ni mjomba. Msimu mmoja korosho zilipomlipa vizuri alinunua pikipiki kwa mwalimu aliyekuwa anahama, akaipandisha mwenyewe kutoka kwake Nanganga, kule upande wa Masasi, hadi nyumbani kwetu, akanipa ufunguo mbele ya mama. Akasema, "Itunze, iwatunze." Wakati huo mwanawe wa kumzaa, Kulwa, alikuwa anatembea kwa miguu, na mke wa mjomba hakulinyamazia jambo hilo. Maneno yake yalikuwa yakipanda mlima hadi kwetu bila nauli: mpwa anapeperusha vumbi, mtoto wa nyumbani anakula vumbi.

Sasa jumatano mjomba akanitumia ujumbe. "Jumamosi nakuja Newala. Tuonane hukohuko. Kuna jambo la pikipiki."

Niliusoma mara nyingi kuliko ninavyosoma misale. Nikaona wazi kabisa: mke ameshinda, pikipiki inakwenda kwa Kulwa. Na mbaya zaidi, atakapoiwasha tu ataisikia, na atajua kwamba alimpa mtoto wa dada yake kitu kizima na yeye akakiua. Pikipiki ningeweza kuirudisha. Sura ya mjomba akinitazama hivyo ndiyo sikuiweza.

Nilifanya dhambi moja kabla ya hapo, na afadhali niiseme. Huku juu kwetu kuna dawa inayopeanwa kwa kunong'ona: injini ikipiga kelele, unaimiminia oili nzito ya gia ya trekta. Kelele inazama. Wanaouza pikipiki mbovu wanaijua sana dawa hii. Mimi sikuwa nauza, nilikuwa naficha. Wiki iliyotangulia nilimimina nusu lita, pikipiki ikanyamaza siku tatu, nikajiona mganga. Siku ya nne ikarudi na hasira za kufungwa mdomo.

Ndipo nikampigia simu Mama Faruku.

Jina lake ni Ziada, fundi wa pikipiki, yuko Newala mjini, nyuma ya soko. Alianza kwa kutengeneza mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho, zile za kubeba mgongoni, na mtu aliyesikiliza mashine zile kwa miaka ishirini bila kuwa kiziwi huyo ana masikio ya kukodisha. Nikamsalimia, nikamweleza, nikamwambia na alichosema Hamidu.

"Marahaba. Huyo Hamidu ana pikipiki?" akauliza.

"Anayo."

"Ije na yenyewe. Ya kwako ilete ijumaa jioni, uilaze kwa ndugu yako hapa mjini. Jumamosi asubuhi uisukume mpaka kwangu. Usiiwashe. Ukiiwasha, urudi nayo."

"Nisukume tu, mama?"

"Injini ya baridi haijui kudanganya. Ikishapata moto inajifunika."

Basi jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa naisukuma kutoka kwa shangazi, katikati ya mji, na kila niliyepishana naye alinipa pole. Hakuna kitu kinachochosha kama pole ya mtu ambaye hasukumi. Mmoja aliniuliza kama petroli imeisha. Mwingine aliniambia, bila kuulizwa, kwamba hiyo ni pistoni.

Mama Faruku alikuwa ameshatandika gunia chini na kupanga spana zake. Shikamoo yangu aliijibu huku macho yake yako kwenye injini. Nilidhani ataniambia niiwashe. Badala yake akaweka beseni chini, akafungua nati ya oili.

Oili ilitoka polepole, nzito kama uji wa mgonjwa. Akaiangalia inavyodondoka, kisha akaniangalia mimi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Umemimina kiasi gani?"

"Nusu lita," nikasema. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Hii injini inachukua lita moja." Akainamisha beseni. "Hapa karibu ni mbili. Basi una mwenzio."

"Mwenzangu nani? Ninaiendesha peke yangu."

"Mimi nasoma beseni tu, baba. Oili nzito asubuhi haipandi juu haraka. Kule juu vyuma vinazunguka vikavu, na ninyi mnafurahi kwamba kumetulia."

Nikamfikiria Hamidu. Kila nilipoiacha kijiweni kwenda kunywa chai yeye ndiye aliyekuwa karibu. Nikaapa moyoni kwamba nikirudi Mkunya tutaonana.

Akaweka oili yake ya kawaida, akakaza nati, akaniambia, "Sasa piga kiki."

Nilipiga. Jamani, ile kelele. Kraa-kraa-kraa-kraa, mchana kweupe, bila kificho, mpaka muuza viazi wa ng'ambo akageuka. Lakini Mama Faruku alikuwa anatabasamu.

"Ahsante," aliiambia injini. "Sasa unasema."

Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye chuma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Alianza chini, kwenye krenki. Akapanda katikati, kwenye silinda, anakokaa pistoni, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akahamia ubavuni, juu, upande wa kushoto. Akaniamuru nivute mafuta kidogo, nishikilie. Kelele ikapungua. Niachie ghafla. Ikarudi, kubwa zaidi.

"Zima. Sikiliza na wewe safari nyingine, masikio unayo. Pistoni mbovu hulalamika unapoibebesha mzigo. Hii inalalamika unapoiachia. Na imelalamika ubavuni."

"Kwa hiyo siyo pistoni?"

"Mimi sisemi kwa sikio peke yake. Kaa."

Alitoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaniambia nipige kiki taratibu. Kidole kikarushwa kwa upepo. "Pumzi ipo," akasema, akanifanya nami nizibe nione. Kidole changu kikarushwa. Nimepata furaha nyingi maishani lakini sikujua kwamba moja itakuwa ya kurushwa kidole.

Kisha akafungua kifuniko cha juu ubavuni, na mle ndani nikaiona kwa mara ya kwanza cheni ya taimingi: cheni nyembamba inayotoka kwenye krenki chini hadi kwenye gia ya juu inayofungua valvu. Miaka miwili nimekaa juu yake sijui kama ipo. Akaweka spana kwenye nati ya sumaku, ile ya chini penye krenki, akaizungusha injini kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo.

"Tazama. Huku chini kumeshaondoka. Huku juu kumelala bado."

Kweli, spana ilikwenda kabla gia ya juu haijashtuka, na katikati cheni ililegea, ikaugusa ukuta wake wa chuma. Kraa. Ile kelele yote iliyoninyima usingizi ilikuwa ni kacheni kanachapa ukuta.

Akafungua bolti mbili nyuma ya silinda akatoa kidude kinachoitwa tenshena, ambacho kazi yake ni kuisukuma cheni isilegee. Kijiti chake kilikuwa kimetoka chote.

"Hiki kimesukuma mpaka kimefika mwisho wa njia. Hakina kosa sana. Cheni ndiyo imevutika." Akamulika kwa tochi meno ya gia moja moja, bila haraka, na mimi nikiyahesabu pamoja naye kimoyomoyo. "Meno hayajachongoka. Haijaruka hata jino moja. Ungeendelea mwezi, ingeruka, valvu zingegonga pistoni, hapo huyo Hamidu wako angekuwa nabii."

"Mama, kwa hiyo injini haijafa?"

"Imeshaambiwa imekufa na watu wangapi?"

"Tisa."

"Waambie waje kula arobaini," akasema, akaanza kufuta mikono. "Cheni mpya na tenshena yake, basi. Ila tatizo ni kwamba Newala hii namba yake haipo, jana nilimtafutia mteja mwingine nikaikosa. Masasi ipo. Nani anapanda leo kutoka Masasi?"

Nilianza kuzipanga upya spana zake kwenye gunia. Alikuwepo mmoja tu.

"Yupo mtu au hayupo?"

"Yupo," nikasema.

Nilisogea hadi ukutani kupiga simu. Nilikuwa nimepanga kwamba mjomba akifika nitakuwa nimeshaiosha, inang'aa, imenyamaza, na nisingesema neno. Sasa yeye mwenyewe ndiye ambaye ningemtuma dukani kununua ushahidi. Simu ilipokelewa, nyuma yake nikasikia wapiga debe wa stendi ya Masasi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ndio nataka kupanda gari."

"Usipande kwanza. Mjomba, nisamehe. Pikipiki ina ugonjwa. Nimekuwa naificha. Nipo kwa fundi hapa Newala, anataka cheni ya taimingi na tenshena yake, huku hazipo." Nikayasema yote kwa pumzi moja ili nisipate nafasi ya kuogopa.

Wapiga debe waliita Newala, Newala.

"Cheni?" akasema mwishowe.

"Ndiyo, mjomba."

"Siyo pistoni?"

"Siyo pistoni. Ameipima, nimeona kwa macho yangu."

Nikasikia pumzi ndefu ikitoka, ndefu ya mtu aliyetua gunia. "Nitajie namba ya hiyo cheni," akasema. Sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoitarajia, na nilipokata simu nilibaki najiuliza imekuwaje yeye ndiye anayeniuliza habari za pistoni.

Alifika saa saba kasoro, koti la jumapili mwilini, cheni mkononi imefungwa kwenye karatasi. Tukasalimiana. Hakunigombeza. Alimsalimia Mama Faruku, akachuchumaa kando ya injini iliyofunguliwa, akaitazama ile cheni ya zamani inavyoning'inia, akaigusa kwa kidole kimoja. Halafu macho yake yakaenda kwenye beseni, kwenye ile oili nzito, na nikamwona anaona aibu. Mjomba Benedikto, ambaye hata padri humwogopa kwenye kikao cha jumuiya.

"Nusu ni yangu," alisema.

Mama Faruku aliendelea kukaza bolti, hakuinua kichwa. Alikuwa na adabu ya watu waliozoea kusikia siri za mashine.

"Ile wiki nilipokuja kwenu kwenye harusi," mjomba akaniambia, "nikaiazima kwenda Chilangala. Asubuhi nikaiwasha, nikasikia ule mlio. Nikasema, pistoni hiyo; Benedikto, umeuziwa maiti. Yule mwalimu kakuuzia maiti, na wewe ukaipeleka kwa mtoto wa dada yako ukapiga na hotuba. Nikaona aibu kukwambia. Nikanunua oili ya trekta pale Chilangala nikamimina, nikakurudishia ufunguo."

"Na mimi nikamimina," nikasema. "Nilidhani nimeiua mimi."

"Toka siku ile silali vizuri. Nikifikiri unateremka na abiria halafu injini inakukwamia mteremkoni. Ndilo jambo nililokuja nalo. Nilitaka kuichukua nikaiuze chuma chakavu, na wewe nikuombe radhi."

"Si kwa ajili ya Kulwa?"

"Kulwa?" Alinishangaa kweli. "Kulwa anaogopa hata baiskeli. Mama yake ndiye anayeitaka pikipiki."

Mama Faruku akacheka peke yake huko chini.

Kazi ilichukua saa mbili. Alivuta sumaku, akaingiza cheni mpya, akalinganisha alama za juu na za chini, akanionyesha kila moja kabla hajafunga, kisha akaizungusha kwa mkono mara nne, tano, akisikiliza. Chini ikiondoka, na juu inaondoka papohapo. Nikapiga kiki. Injini ikawaka, ikatulia, ikawa inasema lile neno lake moja la siku zote. Mama Faruku akaweka bisibisi sikioni, akampa na mjomba asikilize. Mjomba alifumba macho, mpini umekandamizwa sikioni.

Alimrudishia bisibisi, akanigeukia. Kwetu mjomba haombi radhi kwa mpwa. Mimi sijawahi kuona, mama naye hajawahi kuona. Akavua kofia.

"Gasper, nisamehe kwa kukunyamazia."

Nilitaka kumwambia hakuna kitu, mjomba, yamekwisha, lakini machozi yaliniwahi. Nilikuwa na furaha nisiyojua pa kuiweka, na mwanaume mzima nilikuwa nalia mbele ya muuza viazi. Nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikamwambia apande nyuma, mama anatungoja na chakula.