Harufu ya Mwanawe Kabatini

Tangu wamzike mwanawe, yule mama alikuwa akimnusa.

Harufu ilikuja mchana, jua likishalipasha bati: tamu, kama ya tunda lililoiva likapitiliza, na ndani yake kuna ukali kama wa rangi ya kupaka kucha. Ndiyo aliyokuwa akirudi nayo mwanawe kila jioni kutoka karakana ya betri za pikipiki. Sasa mwenyewe yuko chini ya udongo, moto wa karakana umemla, na harufu bado inarudi nyumbani.

"Amekuja," mama alimwambia mkwewe.

"Mama, mie kichwa kinanipasuka. Na mtoto anakohoa. Nifungue dirisha?"

"Umtoe mumeo nje kama paka? Thubutu!"

Akasokomeza kitambaa chini ya mlango, harufu isitoroke.

Kisha kabati likaanza. Lilikuwa la marehemu, na mashati yake hakuna aliyeyagusa. Mama alilifunga, asubuhi akakuta mlango umeachia ufa. Akaurudisha. Kesho yake ufa ukawa wa kupitisha vidole. Akausukuma kwa bega, nao ukamsukuma yeye, polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini. Nywele zilimsimama. Lakini hakukimbia, mama gani atamkimbia mwanawe? Alivuta kigoda, akakaa, akalisimulia kabati habari za mtoto: ameota jino, sasa kila mwanamume anamwita baba.

Yuko hapo hapo, Kijiti akabisha hodi. Kijiti alikuwa fundi mwenzake marehemu, amekuja kuwajulia hali. Mama akamwitikia kutoka chumbani.

"We mtoto, bado hujanenepa tu?"

"Nanenepea ndani kwa ndani, ma..."

Neno likamkatikia mlangoni. Pua ilimcheza.

"Mama, humu analala nani?"

"Si mjukuu huyo kitandani? Na baba yake yupo."

"Mtoeni mtoto! Sasa hivi!"

Mkwe alimnyakua mtoto. Kijiti akajifunga shati puani, akaingia kabatini mikono miwili, nguo zikaruka. Nyuma ya nguo ilikuwapo betri: pakiti bapa za rangi ya fedha, zilizopangwa kama vitabu, lakini sasa zimevimba kama mito hadi zinausukuma mlango. Moja imechanika pembeni, inatoa jasho lenye harufu ile ile tamu. Aliitelezesha betri nzima kwenye karai, akatoka nayo mbio hadi uani, akaifukia kwa mchanga wa ujenzi. Hajarudi nyuma hatua nyingi, mchanga ukafoka, moshi mweupe ukapanda juu ya paa.

Walipopata pumzi, Kijiti alisema bila kumtazama mama usoni.

"Kazi yake ilikuwa kutia dawa kwenye maji ya betri. Ile dawa inatandaza utando ndani, kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemka. Utando ndio unaozuia umeme usiyale yale maji, yakageuka hewa ya kuivimbisha betri. Bosi akataka pikipiki ziende mbali zaidi, tukapandisha chaji. Mwanao akasema utando hautahimili. Hakuna aliyemsikiliza. Nadhani hii aliileta aichunguze mwenyewe, aje atuonyeshe."

"Na zilizobaki karakana?"

"Zilikuwa ndugu za hii, mama."

Mama akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

Ninyi mlio na betri ndani ya nyumba, ya pikipiki, ya taa, ya simu: harufu tamu msiikaribishe. Betri ikivimba hata kidogo, watoto watoke kwanza, na dirisha lisifungwe kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa.

Mkwe alifungua kila kilichofunguka. Upepo ukapita chumbani. Mama alipoingia, alichukua shati moja baada ya jingine akalibandika usoni. Sabuni. Vumbi. Kabati lilikuwa wazi, tupu, na mlango wake haukusukumwa tena na mtu.

Akampokea mjukuu, akazamisha pua kwenye nywele zake kama alivyozoea.

Ilikuwamo. Tamu. Moyo ulimruka kwa furaha kabla haujaelewa.

"Leta maji!" akapiga kelele. "Mkwe wangu, leta maji!"

Akamwosha mtoto kwa sabuni, kichwa, shingo, vidole, mtoto analia. Akamnusa. Akachota maji mengine.