Kosa Moja, Nje

Kicheko kilipasuka tena ng'ambo ya ukuta, na chaki ikavunjika mkononi mwa Mwalimu wa Hesabu.

"Hao wanasoma au wako ngomani?" aliuliza.

Darasa lilijua swali lile si lake.

Aliyekuwa ng'ambo ni mdogo wake, tumbo moja, aliyetoka chuoni juzi tu na mfuko wa vizibo, dadu na kadi za boksi. Wanafunzi walimwita Bi Mchezo, wakamkimbilia kama kuku waliomwagiwa mtama. Dada mtu walimkimbia.

Na sasa mkuu wa shule alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa angewatazama wote wawili wakifundisha, kisha aamue nani alishike darasa la mtihani. Darasa hilo lilikuwa la dada tangu mdogo wake akiwa kibogoyo. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, haumezeki wala hautemeki.

Alhamisi alikata boksi, akaandika maswali ya sehemu kwa wino mwekundu.

"He! Dada naye kaingia mchezoni?" mdogo wake alimtania mlangoni. "Nikusaidie kanuni?"

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu vidole, mama. Kanuni ninazo."

Kanuni yake ilikuwa moja: ukikosa, nje.

Ijumaa mkuu alikaa nyuma. Wanafunzi wakazunguka kadi sakafuni. Wa kwanza kuokota alikuwa msichana waliyemwita Konokono: nusu kujumlisha robo.

"Mbili ya sita."

"Nje! Ukutani!"

Akafuata mwingine, na mwingine. Kipindi hakijafika katikati, karibu darasa zima lilikuwa limejipanga ukutani likibandua rangi kwa kucha. Sakafuni alibaki msichana mmoja hodari, akiokota kadi na kujijibu mwenyewe.

"Huyu anacheza na nani?" mkuu aliuliza taratibu.

Mwalimu aliinama, akaanza kukusanya kadi.

Baada ya kengele ya kwenda nyumbani, mdogo wake alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Wamenipa mimi, dada."

"Hongera." Midomo ilitabasamu, macho yakakataa.

"Kwangu anayekosa ndiye anayerudia kucheza."

"Si ungeniambia!"

"Si nilikuuliza nikusaidie?"

Akaondoka. Konokono, aliyekuwa na zamu ya kufagia, aliegemeza ufagio.

"Mwalimu, mimi sikucheza."

Mwalimu alitaka kumwambia, nenda kwa Bi Mchezo wako. Neno lilishafika kwenye meno. Badala yake akakusanya sketi yake, akaketi sakafuni kwenye vumbi la chaki, akaisukuma kadi ileile mbele.

"Mbili ya..." Konokono akakatisha, akamtazama usoni, mwili tayari umeelekea ukutani.

Mwalimu alibana midomo, lile "Nje!" lisimtoke.

Msichana aliokota kipande cha boksi, akakichana katikati. Nusu moja akaiweka chini. Nyingine akaichana tena, polepole, ulimi nje, akasogeza kipande kidogo kando ya kile kikubwa, na kuanza kupima kwa kidole.