Barua Hii Haikunifikia

Jumatatu, saa sita kasorobo, Mama Majalada aliingia ofisini kwa mara ya tatu siku hiyo. Alipita mapokezi bila kujiandikisha, akasimama mbele ya meza ya mhasibu na kumkabidhi karatasi moja.

"Barua hii haikunifikia," alisema.

Mhasibu aliipokea huku akiendelea kuongea na simu, akaiweka juu ya nyingine mbili. Mama Majalada akaondoka kwa kupitia ndani ya kabati la chuma la masjala, ambalo lilikuwa limefungwa kwa ufunguo.

Miezi sita ilikuwa imepita tangu aachishwe kazi. Saa hiyo hiyo alikuwa pia nyumbani kwake, ng'ambo ya reli, akipalilia mboga. Dereva wa ofisi alishapita huko mara mbili na kumwona kwa macho yake. Hakuna aliyeshangaa. Kilichowaudhi watu ni usumbufu. Kila aliyetuma barua pepe kwa kikundi cha Wafanyakazi Wote alirudishiwa kwa mkono na Mama Majalada mwenyewe, akiwa ndani ya sweta lake la kijani lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Barua ikitumwa mara tatu, naye alikuja mara tatu. Ijumaa iliyopita dada wa mapokezi alituma tangazo la maji kukatika akasahau kuambatisha ratiba, akalituma tena na ratiba, kisha akatuma lingine la kuomba radhi, yote ndani ya dakika moja. Mama Majalada watatu walikutana mlangoni wakawa wanapishana kwa adabu. "Pita, mama." "La, tangulia wewe." Walichukua robo saa kuingia.

"Fundi!" mkuu wa utawala aliita kutoka ofisini kwake. "Hiyo orodha yako ya barua pepe itatutoa roho. Leo hii uitengeneze."

"Sawa, mkuu," alijibu fundi wa kompyuta.

Alifungua daftari la hitilafu akaandika tarehe, akaandika tatizo: barua za kikundi zinarudi. Kwenye safu ya Sababu aliandika: Haijulikani. Aliliandika neno hilo kwa mwandiko wa kupendeza, polepole, kwa kuwa sababu aliijua tangu siku ya kwanza.

Alianza na yale ambayo fundi yeyote angeanza nayo. Alifungua kikundi kwenye programu ya barua pepe, akahesabu majina: arobaini na sita. Chini yake programu ilisema wanachama ni arobaini na saba. Alifunga, akafungua, ikawa vile vile. Alifuta anwani zote ambazo programu huzikumbuka na kuzijaza yenyewe mtu akianza kuandika herufi mbili. Alikarabati kitabu cha anwani. Mwisho alikifuta kikundi kizima, akaunda kingine kwa jina lile lile, akaingiza watu mmoja mmoja kutoka kwenye orodha ya utawala, kisha akatuma barua yenye neno moja: Jaribio.

Mama Majalada alisimama mlangoni pake na karatasi iliyoandikwa Jaribio.

Alituma Jaribio la Pili. Nalo akaletewa. "Pole na kazi, mwanangu," Mama Majalada alisema. Kufikia saa saba mezani kulikuwa na majaribio kumi na tisa, na fundi hakuwa ameweza kumtazama usoni hata mara moja. Alikuwa anakitazama kile kifungo.

Mambo yalikuwa hivi. Miezi sita nyuma, mkuu aliingia chumbani kwa fundi, akafunga mlango, akamwuliza hali ya watoto. Halafu akasema kesho yake lingetoka tangazo: wote wenye mikataba ya muda walete vyeti kabla ya Ijumaa ili wathibitishwe kazini, asiyeleta, basi tena. "Yule mama wa masjala mtoe kwenye kikundi kwanza," alisema. "Wiki moja tu, halafu utamrudisha." Mkuu alikuwa na shemeji yake aliyekuwa anatafuta nafasi. Fundi hakuuliza swali. Alilichagua jina, akabonyeza kitufe cha kufuta. Kupiga chafya kunachukua muda mrefu kuliko huo.

Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao, mkuu aliuliza mbele ya kila mtu, "Mama, kwani wewe barua pepe husomi?" Mama Majalada, aliyetunza majalada miaka kumi na moja bila kupotea hata moja, alisimama na kuomba msamaha. "Mnisamehe jamani. Labda ni umri." Watu wengine walicheka kidogo. Fundi alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma na waya wa projekta mkononi, akitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka.

Baada ya kikao mama alimfuata. "Mwanangu, hebu nitazamie mashine yangu. Isije ikawa ina kasoro."

Fundi alikaa kwenye kiti cha mama, akabonyeza hapa na pale kama mtu anayetafuta kitu. "Mashine yako ni nzima, mama," alisema. "Labda uliifuta mwenyewe bila kujua." Mama Majalada alimshukuru, akamenya chungwa, akamkatia nusu. Fundi alilila. Ni lile chungwa, kuliko hata kitufe, lililokuwa likimrudia kila alipotaka kulala.

Sasa alikwenda kwa mkuu. "Mkuu, dawa yake ni moja. Tumrudishe mama kwenye kikundi."

"Huyo si mfanyakazi."

"Basi barua zitaendelea kurudi."

"Fundi," mkuu alisema bila kuinua macho, "nitafutie sababu ya kitaalamu."

Fundi alirudi chumbani, akapiga moyo konde, akaandika barua kwa Wafanyakazi Wote. Aliandika kwamba mama hakufuta kitu. Kwamba yeye ndiye aliyemtoa kwenye kikundi, kwa agizo la nani, kwa ajili ya nani. Kwamba anaona aibu. Akabonyeza Tuma kabla mkono haujabadili nia.

Alisikia viti vikisogezwa, ofisi nzima kwa pamoja. Mhasibu alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Alikuwa na karatasi. "Barua hii haikunifikia," alisema. Nyuma yake alikuwa dada wa mapokezi, kisha dereva, kisha yule shemeji wa mkuu, sasa mtu wa masjala, na ufunguo wa kabati shingoni, na wengine wote mpaka kwenye korido, na mkuu mwenyewe alipanga foleni kama wengine. Walikuwa arobaini na watano, wote na nyuso zilizotulia. Nakala ya arobaini na sita fundi aliikuta mkononi mwake mwenyewe.

Hakuna aliyekuwa ameisoma. Walimtazama, wakingoja awasainie kwamba amezipokea. Hawakuwahi kusimama mbele yake wote kwa pamoja namna ile, na kulikuwa kimya kiasi kwamba angenong'ona tu wangemsikia.

"Una la kusema, fundi?" mkuu aliuliza.

Fundi alichukua kalamu. "Asanteni," alisema. "Nitalishughulikia."

Akasaini karatasi moja moja.

Mama Majalada peke yake hakuja. Saa tisa na nusu lilifika jibu, mistari miwili, kutoka ng'ambo ya reli: "Mwanangu, barua nimeipata. Kumbe kweli mashine yangu ilikuwa nzima."

Tangu wiki hiyo liliwekwa benchi karibu na masjala ili Mama Majalada asisimame, na mkuu akaagiza barua zote anazorudisha zipokelewe na fundi. Shemeji alisogeza maboksi ili mama apite vizuri kabatini. Watu walizoea. Wengine walimtuma amalizie kupanga majalada akiwa njiani, naye aliyapanga.

Mwisho wa mwezi mkuu alipita kukagua daftari la hitilafu. Mama Majalada alikuwa benchini, akingoja kusainiwa tangazo la kubadilishwa kwa muda wa chai.

"Hii sababu bado tu?" mkuu aliuliza.

Fundi alishika kalamu. Mama alikuwa anamtazama kwa upole, kama mzazi anayemtazama mwanawe akiandika jina lake kwa mara ya kwanza.

"Bado, mkuu," fundi alisema, akaandika tena: Haijulikani.

Mama Majalada alitoa chungwa kwenye mfuko wa sweta, akalimenya, akamkatia nusu. Fundi alilila.