Mzee wa Namba Kumi na Nne

Mkutano wa wakazi ulifanyika katika darasa la chekechea, kwa hiyo sote tulikalia viti vya watoto, magoti yakikaribia masikio. Ni vigumu kudai haki yako ukiwa umekaa hivyo. Mwenyekiti wetu tunamwita Refa, kwa kuwa alichezesha mpira miaka ishirini na bado huendesha mikutano kwa saa ya mkononi. Ukizidisha dakika mbili anakunyooshea kidole kukuonyesha mlango. Mimi ndiye katibu. Nilichaguliwa kwa sababu nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, si kwa sababu ya upole wangu.

Ajenda ya kwanza ilikuwa namba za nyumba. Halmashauri ilileta wapaka rangi wawili. Mmoja akaanzia juu ya mtaa, mwingine akaanzia chini, na kila mmoja akaanza na moja. Walipokutana katikati wakapeana mikono, wakaenda zao. Tangu hapo kila namba mtaani kwetu ina nyumba mbili. Mama Mkaa, anayeuza mkaa pale kona, alilalamika kwamba barua ya shule ya mwanawe ilikaa wiki tatu kwa watu wengine. Fundi wa kuchomelea yeye hakuwa na malalamiko. Alialikwa harusi ya watu asiowajua, akaenda, akala, akapigwa picha na maharusi.

"Kadi ilikuja kwenye namba yangu," alisema. "Sasa ningeipeleka wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Hata afisa wa halmashauri, kijana mwenye faili la bluu mapajani, alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasubiri ajenda ya pili, na ajenda ya pili ilikuwa baba yangu.

Baba alipatwa na kiharusi miezi minane iliyopita. Upande wa kulia umelala, na maneno yake yamekuwa uji. Mimi mwanawe mwenyewe naambulia moja kati ya matano. Karibu miezi miwili iliyopita hospitali ilimwandikisha kwa nesi wa halmashauri, apimwe presha kila Jumanne asubuhi, na dawa zake zifuate vipimo hivyo. Jumanne saba zimepita, nesi mwenyewe sijamtia machoni. Lakini saa hizo niko kazini, narudi mchana kumlisha. Nikimuuliza, "Baba, nesi amekuja?" anaitikia kwa kichwa. Nikimuuliza, "Hajaja, sio?" anaitikia vilevile. Nilifika mahali nikawa nanusa chumba kama mbwa, nikitafuta harufu ya spiriti.

"Nesi wenu hafiki kwangu," nilimwambia afisa zamu yangu ilipofika. "Nataka kujua kwa nini."

Akafungua faili, akapekua, akatulia kwenye ukurasa mmoja.

"Amefika, dada. Mara saba. Nyumba namba kumi na nne, jina ni la mzee wako." Akaendelea kusoma na uso ukamchangamka. "Tena hongereni. Mia na ishirini kwa themanini, wiki zote. Nzuri kuliko yangu. Ndiyo maana tumemwondoa kwenye orodha. Dawa za mwezi ujao zimesitishwa, nafasi amepewa mwingine."

"Mmemwondoa? Kwa nini?"

"Si amepona?"

"Baba yangu hawezi kushika kijiko!"

"Mimi nasoma kilichoandikwa, dada yangu."

Nitakwambia ukweli, kwa dakika moja nilimshuku baba yangu mwenyewe. Nilimwona akinisubiri nifunge mlango asubuhi, anyanyuke, avae viatu, ampokee nesi kwa bashasha, kisha arudi kulala kabla sijaja na bakuli. Akili ikichanganyikiwa haichagui pa kwenda.

"Labda kweli ana nafuu," Mama Mkaa alisema. "Wagonjwa wengine hudeka, mwanangu."

"Mama, we acha tu."

"Mimi nasema tu."

Mwingine akauliza kama nesi hapimi watu kwa kukisia. Mwingine akasema wazee wapo wawili, nami nikamuuliza huyo wa pili namfuga wapi. Refa akatazama saa yake akatangaza kwamba ajenda imeingia muda wa nyongeza.

"Nani anasaini?" niliuliza. "Maana lazima kuna anayesaini."

Afisa akanipa ukurasa. Kulikuwa na sahihi saba zinazofanana, zenye vitanzi vidogo na mkia uliorudi nyuma kupiga mstari chini ya jina. Ni kazi ya mkono mzima wenye utulivu. Mkono wa baba siwezi hata kuunyoosha bila mafuta ya moto. Karatasi ikazunguka darasani, kila mtu akiitazama kwa karibu kisha kwa mbali. Refa aliigeuza juu chini. Hakuna aliyeitambua.

Nyuma kabisa akasimama Fundi Saa. Kile kiti cha mtoto kiling'ang'ania kiunoni mwake, ikabidi jirani amsaidie kukivua, na hakuna aliyecheka. Ni mzee wa rika la baba, mjane wa miaka mingi, watoto wako mbali na simu zao ni za sikukuu. Hutengeneza saa kwenye meza ndogo mlangoni kwake, kule chini ya mtaa. Namjua tangu nikiwa na meno ya utotoni, na sikuwahi kusoma namba ya mlango wake. Nani husoma mlango wa mtu anayemjua?

"Hiyo ni sahihi yangu," alisema.

Akaja mbele, akaichukua karatasi.

"Wiki ya kwanza nilidhani ni huduma ya wazee wote. Alibisha hodi, akaketi, akanishika mkono, akaniuliza nalalaje. Wiki ya pili nikaisoma karatasi, nikaona si jina langu." Akairudisha kwa afisa. "Nikasaini."

"Ulijua ni la baba?" nilimuuliza.

"Nilijua, mwanangu."

"Na ukaendelea wiki tano zaidi?"

"Nilikuwa nasema Jumanne ijayo nitamwambia. Ikifika, namwekea chai."

Nilimwambia maneno ambayo sikuyaandika kwenye muhtasari, na katibu ni mimi. Afisa akatoa fomu, akaeleza kwamba baba atarudishwa kwenye orodha iwapo aliyepimwa atakiri kwa maandishi. Fundi Saa akainama kwenye meza ya watoto, akasaini mara ya nane. Alipomaliza aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia basi, "Kwa hiyo kwangu hatapita tena?"

Afisa akanitazama mimi. Nami nikatazama ukutani, kwenye picha ya bata.

Jumanne iliyofuata sikwenda kazini. Nesi alimfunga baba kile kitambaa cha kupimia, akatazama, akapima upya, kisha akapiga simu bila kuniambia kitu. Gari lilikuja. Wakamlaza, wakasema tungechelewa siku chache tu tungekuwa tunazungumza mengine. Usiku wote nilikuwa na jina moja kinywani, na sikuwa nikiliombea.

Siku ya tatu nilifika wodini saa za kutazama wagonjwa, nimebeba uji. Fundi Saa alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kitandani kwa baba, miwani yake ya kazi puani, ameushika ule mkono uliolala, anaukata kucha moja moja kwa mkasi mdogo. Nilikuwa nimeuosha mkono ule miezi minane, na kucha sikuwahi kuziona zimekuwa ndefu kiasi kile.

"Toka," nilisema.

Akaanza kukusanya vifaa vyake bila kubisha. Ndipo baba akageuza kichwa akanitazama, mdomo ukahangaika, nami nikainama karibu kama kawaida yangu, nipate moja kati ya matano. Safari hii sikuhitaji kuinama.

"Mwache," baba alisema. "Nimekuwa peke yangu."