Karatasi ya Kupimia

"Sema basi, Fundi! Jua linapanda."

Mama mwenye kitalu alikuwa ameshika bomba la tangi, tayari kulifungua. Fundi Maji aliinua karatasi ya kupimia asidi ya maji, nayo ikamwonyesha kilekile cha siku zote: rangi ya tope. Kwake yeye nyekundu na kijani ni mapacha.

Kwa miaka tisa aliyemsomea ni shemeji yake, mke wa kaka yake. Alikuwa akipita na trei zake za mbegu, ananong'ona bila kusimama, "Chungwa, ongeza maji," au, "Hapohapo, shemeji." Leo alikuwa hospitali na bintiye anayejifungua. Na maji ya kisima hiki yana magadi, lazima yatiwe asidi kwa kipimo: ikipungua miche inadumaa, ikizidi mizizi inaungua. Fundi alikuwa ametia vikombe vitatu vya kawaida, kisha kwa wasiwasi wake akaongeza cha nne. Miche elfu nne ya nyanya ilikuwa na kiu.

"Iko sawa," alisema.

Siku aliyoajiriwa aliulizwa kama macho yake ni mazima, akajibu ni ya mwewe. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yake ilikuwa imefika mbali.

Mama akafungua. Maji yakakimbia mpirani, yakaanza kudondokea mstari wa kwanza. Fundi aliitazama miche ile, aliyoipandikiza mmoja mmoja kwa vidole vyake, akaingiwa na hofu kubwa kuliko ile ya kufukuzwa.

"Funga! Mama, funga!" Alilirukia bomba mwenyewe. "Rangi sizioni. Tangu kuzaliwa. Shemeji ndiye hunisomea."

Mama alimpokonya karatasi. "Nyekundu hii! Nyekundu ya damu! Ungeniulia kitalu kizima, wewe!"

"Najua, Mama."

"Hujui! Ungejua, ungesema!"

Fundi alichota ndoo kisimani, akapiga magoti kwenye mstari wa kwanza na kuanza kuusuuza udongo kwa maji matupu, mche baada ya mche. Aliona aibu hadi masikioni. Nyuma yake Mama alikuwa akimimina maji tangini kupunguza makali ya asidi. Hakusema kama kesho aje au asije.

"Chungwa," Mama alisema akichovya karatasi nyingine, bado kwa hasira. Akamimina tena. "Bado chungwa."

Fundi aliendelea kusuuza.

"Manjano. Inaelekea kijani."

"Hiyo ndiyo." Alisimama, magoti yamelowa. Miaka tisa alikuwa akiitafuta rangi hiyo, na hakuwahi kumwuliza mtu. "Ikoje, Mama?"

Mama aliitazama karatasi, kisha akamtazama yeye.

"Kama ndizi inayoanza kuiva."

Ndizi aliijua. Alifinya hewa taratibu kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua sokoni, kisha akaenda kufungua bomba.