Mshale Nilioushusha Mwenyewe

Ingrid anasoma afya ya dunia nzima, na dunia akaamua kuianzia kwangu. Huyu mutoto katoka Norwe, chuo kikamleta hapa Buyenzi akae kwetu miezi mitatu. Siku ya tatu tu akanifunga kitambaa mkononi, akapampu, akatazama mshale wa mashine.

"Papa Shaabani, presha ni kumi na saba! Kawaida ni kumi na mbili. Chumvi, apana. Brosheti, apana."

Mke wangu Adija akasikia. Basi! Jioni hiyo ndagala, samaki wetu wadogo wa ziwani, wakaja mezani bila chumvi hata punje, na brosheti zangu za Ijumaa, mishikaki ya mbuzi, zikapigwa marufuku. Wallahi niliumia. Mi ni fundi magari miaka ishirini na sita, presha naijua: tairi ikizidi, unapunguza. Nani kafa?

Kesho yake Ingrid akaenda masomoni Rohero, mashine akaiacha sebuleni. Nikaifungua geji kwa bisibisi ndogo, nikarudisha mshale nyuma tano. Dakika nne tu, kazi safi.

Akanipima tena. Kumi na mbili! Nikasema al-hamdulillahi kwa sauti ya kufika jikoni. Adija naye akapimwa, mara yake ya kwanza, akapata kumi na tatu, akaambiwa yuko sawa. Chumvi ikarudi. Ijumaa nikala brosheti nane.

Kumbe Ingrid alikuwa na mtihani: kupima watu thelathini wa mtaa wetu, kwa mashine hiyo hiyo. Njia ya mwongo ni fupi. Wiki ya pili akaja mwalimu wake, daktari Gaëlle, akafungua daftari sebuleni kwangu.

"Ingrid, hawa watu karibu wote wana presha ya saba! Mutu wa hivyo yuko chini, anaitiwa ambulansi."

Ingrid akaonyesha mlangoni. Jirani yetu Karimu, mwenye saba yake, alikuwa anapita na giaboksi begani, anaimba.

"Basi nimeanguka mtihani," Ingrid akasema, machozi yakaanza. Roho ikaniuma.

"Madamu, mutoto hana kosa," nikasema. "Ni mi nilishusha mshale. Kwa tano."

Adija akapiga makofi. "Astaghfirullah! Papa Shaabani! Kwa ajili ya mbuzi?"

Daktari hakucheka. Akamwambia Ingrid aongeze tano kwa kila mutu. Kalamu ikashuka kwenye daftari: Karimu kumi na mbili, mi kumi na saba. Halafu ikasimama.

"Mama Adija," Ingrid akasema polepole, "ni kumi na nane."

Daktari akatoa mashine yake, akampima mwenyewe. Kumi na nane kweli. Akasema kesho asubuhi twende naye kituo cha afya.

"Ehee, nimekushinda!" Adija akanicheka.

Mi sikucheka. Siku zote hizi nilimtazama anajinyunyizia chumvi, anafurahi, na sababu ni mi. Nikaingia jikoni, nikabeba kopo zima la chumvi, nikamkimbilia Karimu barabarani.

"Chukua, ndugu yangu," nikamwambia. "Na nikija kukuomba, nifukuze."